Tumuonee huruma, ana mtoto mdogo

Tulikuwa watu watano kwenye jopo la usaili, wanaume watatu na wanawake wawili, nami mmoja wa hao wawili. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya meneja wa tawi, mkoa wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Dar es Salaam. Akaingia dada wa miaka 34. Alijibu kila alichoulizwa, na swali la mikopo chechefu, ile isiyolipwa, alilijibu hadi aliyeliuliza akaanza kuandika. Tulipokaribia mwisho, mimi, mwanamke mwenzake, ndiye niliyemtupia lile swali: "Na nyumbani wanalionaje suala la kuhama? Mzee ameridhia?"

Akatabasamu. Akasema wameshazungumza.

Alipotoka, mwenyekiti wa jopo alifunga faili taratibu. "Binti yuko vizuri sana," akasema. "Ila tumuonee huruma jamani, ana mtoto mdogo. Kule tutamtesa bure." Tukaitikia wote. Nami niliitikia. Kwenye muhtasari wa kikao tuliandika kwamba msailiwa alifanya vizuri na afikiriwe nafasi nyingine zitakapojitokeza. Kazi akapewa kijana wa kiume mwenye watoto watatu, mdogo wao akiwa na miezi minane. Habari ya miezi minane tuliijua baadaye sana, alipoomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto aliyelazwa. Siku ya usaili hakuna aliyemuuliza.

Hakuna pia aliyesema dada yule hafai. Ndiyo maana nimeshindwa kuisahau siku ile.

Mazungumzo yetu kuhusu wanawake na vyeo yamezoea kumtafuta mtu mbaya. Kuna bosi anayechukia wanawake, kuna mila, kuna wivu. Watu wa namna hiyo wapo, sikatai, nimefanya nao kazi. Lakini katika miaka niliyokaa kwenye ofisi za rasilimali watu nimeona wanawake wengi zaidi wakizuiwa na watu wema. Watu waliowapenda, waliowaita "mdogo wangu", waliochangia harusi zao na kupeleka kanga hospitali walipojifungua. Wema huo huo ndio uliowakalisha chini.

Na dawa tunayopewa ni ile ile kila mwaka. Ikifika Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, tunashona vitenge vya sare, tunakata keki, kisha mgeni rasmi anasimama na kutuambia tujiamini. Dada aliyetoka mbele yetu siku ile alijiamini kutuzidi sisi watano kwa pamoja. Kilichompita kiliamuliwa mlango ulipofungwa, na kujiamini hakupenyi ukutani.

Ukilisema hili kuna mtu atakuonyesha juu. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais Machi 19, 2021. Tulia Ackson alichaguliwa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akawa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Stergomena Tax alikuwa Katibu Mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2013 hadi 2021, akarudi nyumbani na kuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Ruth Zaipuna alipewa benki ya NMB aiongoze mwaka 2020. Sasa mnataka nini tena?

Nataka orodha ambayo siwezi kuimaliza kwa kichwa. Majina hayo nimeyataja bila kufungua kitabu, na nikiongeza Gertrude Mongella, Anne Makinda na Asha-Rose Migiro bado sijahitaji kuuliza mtu. Wanaume wa ngazi hiyo hakuna anayeweza kuwakariri. Chukua Benki Kuu ya Tanzania peke yake: tangu Edwin Mtei, gavana wa kwanza, mwaka 1966, hadi Emmanuel Tutuba aliyeteuliwa Januari 2023, magavana wote ni wanaume. Dk Natu Mwamba alifika unaibu gavana. Na hata safari ya Rais Samia, hatua yake ya mwisho haikupita mbele ya jopo lolote. Ibara ya 37(5) ya Katiba ilishasema Makamu ndiye ataapishwa Rais akifariki. John Magufuli alipofariki Machi 17, hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kufunga faili na kusema tumuonee huruma.

Kwa hiyo tuache kutazama juu, tutazame katikati, pale mtu anapotoka kuwa afisa na kuwa afisa mwandamizi, kisha meneja, kisha mkuu wa idara. Huko ndiko tunakowapoteza. Na huko hesabu zetu zina kichekesho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua mapacha. Mchukue mwanamke mwenye watoto watatu, waliozaliwa mmoja mmoja. Siku 84 mara tatu ni 252. Kama aliajiriwa na miaka 25 na atastaafu na 60, maisha yake ya kazi yana siku zaidi ya 12,700. Likizo zake zote za uzazi hazifiki siku 2 katika kila siku 100. Nawafahamu wanaume waliotumia muda mrefu kuliko huo kwenye kozi ya nje, wakarudi na cheti, wakapandishwa cheo kwa sababu ya ile ile safari iliyowatoa ofisini.

Wingi wa siku, basi, si hoja. Hoja ni msimu zinapoangukia. Watoto wanakuja mtu akiwa na miaka 27, 30, 35, na hiyo ndiyo miaka ofisi inapochagua nani ni "mtu wa baadaye". Mwanamke anajazwa tathmini ya mwaka ambao karibu robo yake hakuwepo, anapata alama za wastani, na alama za wastani hazimpandishi mtu. Wenzake wa mwaka ule ule wa kuajiriwa wanaruka ngazi moja. Akirudi kutoka likizo ya pili wanaruka nyingine. Akiwa na miaka 40 anaripoti kwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujaza fomu.

Sheria hiyo hiyo inampa baba siku 3. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, wanampa wiki mbili, nazo si nyingi, lakini mtu anaweza kumwogesha mtoto mara kadhaa kabla hajarudi kazini. Siku 3 zinatosha kuandikisha jina na kununua mchele wa wageni. Sheria inapompa mmoja 84 na mwingine 3, imeshamwambia mwajiri mtoto ni wa nani, na mwajiri amesikia.

Niseme pia kwamba kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito. Swali langu la "mzee ameridhia?" halikustahili kuwepo chumbani mle. Nililijua hilo hata siku ile. Nilidhani namsaidia, nilitaka aliondoe lile wazo vichwani mwa wenzangu kabla halijasemwa. Kumbe mimi ndiye niliyeliingiza.

Claudia Goldin, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, alipekua takwimu za nchi yake za zaidi ya miaka 200, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo la kipato lililobaki kati ya wanawake na wanaume wa kazi ile ile huanza anapozaliwa mtoto wa kwanza. Kazi za juu ameziita kazi zenye uroho. Zinalipa vizuri kwa sababu zinautaka muda wako wote, na zinautaka kwa saa zinazochagua zenyewe. Katika kila nyumba yenye mtoto, mmoja lazima awe mtu wa kupigiwa simu na shule, na anayepigiwa simu na shule hapewi kazi yenye uroho.

Dar es Salaam uroho huo tunaujua kwa sura. Ni kikao kinachoitishwa saa kumi na moja jioni, foleni ya kwenda Kimara imeshajifunga, dada wa kazi ameshatuma ujumbe kwamba mtoto ana homa na dawa imekwisha. Mwanamke anakaa kikaoni nusu saa, macho kwenye simu, kisha anaomba udhuru. Bosi mwema anamwambia nenda tu mama, tutaendelea. Na kweli wanaendelea. Yaliyoamuliwa baada ya yeye kutoka anayasikia kesho yake, yakiwa yameshagawanywa kwa majina ya watu wengine.

Kuna saa mbili kwa siku ambazo sheria inampa mama anayenyonyesha, wakati wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Ni kifungu kizuri ukikisoma ukiwa umekaa nyumbani. Kutoka Posta hadi Mbagala na kurudi, siku mvua imenyesha, saa mbili zinaishia barabarani mtoto hajaonwa. Kwa hiyo anakamulia maziwa chooni, au ndani ya gari kama analo, akiwa ametandaza kanga kwenye kioo.

Lakini kitu kimoja nitakizungumza kwa kirefu, kwa sababu hakimo kwenye hotuba za Machi 8 na ndicho kinachoamua mengi. Nacho ni kukaimu.

Cheo katika ofisi zetu hakianzi siku tangazo la kazi linapobandikwa. Kinaanza siku mkuu wa idara anaposafiri wiki mbili na kuacha mtu kwenye kiti. Anawatazama walio chini yake. Wawili wanaweza. Mmoja ni mwanamke mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Anawaza, huyu nikimwachia atakesha hapa, mumewe atalalamika, mtoto atamsumbua, wiki mbili hizi zitamchosha. Anamwachia kijana. Ni uamuzi wa dakika moja, wa huruma, na hauandikwi popote zaidi ya barua fupi ya kumkaimisha. Mara ya pili kijana ameshazoea, kwa nini tuanze na mtu mpya? Mara ya tatu hakuna anayefikiria kabisa. Kijana sasa anaijua sauti ya mkurugenzi kwenye simu, amesaini malipo, amekaa kwenye kikao cha bajeti, amekosea na kusahihishwa. Mkuu wa idara anastaafu. Tangazo linatoka, na miongoni mwa vigezo ni "uzoefu wa uongozi usiopungua miaka mitatu". Kijana anao. Mwanamke hana. Jopo linamkata jina mapema kabisa, kwa haki, kwa kufuata karatasi.

Mwulize yeyote katika ofisi ile kama mwanamke yule alibaguliwa. Atakuapia hapana, na atakuwa mkweli.

Wapo pia wanaokaimu wasithibitishwe. Kenya, Jacinta Mwatela alikuwa naibu gavana wa Benki Kuu pale Gavana Andrew Mullei aliposimamishwa kazi mwaka 2006. Akawa kaimu gavana kwa takriban mwaka mzima. Mwaka 2007 akateuliwa Profesa Njuguna Ndung'u. Uteuzi una sababu nyingi na Ndung'u ni mchumi mwenye sifa zake. Ninachokitazama mimi ni ule mwaka. Benki kuu ya nchi ilikaa mkononi mwa mwanamke, akaibeba, kisha kiti kikatafutiwa mtu. Katika ofisi ndogo ndogo za miji yetu nimeliona jambo hilo mara nyingi mno: mwanamke anaaminiwa kushikilia, na kushikilia kunahesabiwa kuwa ni utiifu, hakuhesabiwi kuwa ni uongozi.

Halafu kuna suala la kupigiwa debe. Mafunzo ya uongozi kwa wanawake siku hizi ni mengi, na mengine ni mazuri sana. Yanawapatia washiriki mshauri, mtu mzima wa kumweleza matatizo yako ukiwa naye ana kwa ana. Ushauri si haba. Ila wanaopanda vyeo wana mtu wa aina nyingine, mtu anayelitaja jina lako kwenye chumba usichokuwemo. Mtu huyo hapatikani kwenye semina. Anapatikana kwenye kuzoeana.

Na tunazoeana wapi? Watu husema baa, nyama choma ya Ijumaa, uwanja wa gofu. Ni kweli kwa kiasi chake. Mimi ningekupeleka msibani. Bosi amefiwa, ofisi nzima imekwenda. Wanaume wanapangiwa viti vya plastiki nje chini ya turubai, na pale kuna mkurugenzi, kuna mjumbe wa bodi, kuna mkuu wa kanda ambaye hamjawahi kuonana. Wanakaa saa nne, tano. Wanaanza na marehemu, wanaingia kwenye mpira, wanamalizia na kazi. "Hivi yule kijana wako wa Mwanza anaendeleaje?" Wanawake wa ofisi ile ile, wakiwemo wenye shahada mbili na wakuu wa vitengo, wako ndani kwenye mikeka au nyuma ya nyumba wanamenya vitunguu. Wanafanya kazi kubwa na ya heshima, nisingependa iachwe. Lakini mkuu wa kanda akirudi kwake anayakumbuka majina ya waliokaa turubaini.

Bosi muungwana naye ana hofu yake. Akila chakula cha mchana na afisa wa kiume mara tatu kwa wiki, anamlea kijana. Akila na afisa wa kike mara moja, ofisi ina habari mpya. Kwa hiyo anajihadhari, kwa faida ya binti wa watu, asije akachafuliwa jina. Safari ya Arusha anakwenda na kijana. Hapo tena ni huruma.

Wala hofu hiyo haikutoka hewani. Rushwa ya ngono ipo, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kwa kifungu chake, cha 25, kinachomlenga mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au cheo. Wanawake wanaokataa hurudi mezani kwao na kunyamaza, kwa sababu ushahidi ni mgumu na aibu ni yao. Kisha kuna wale waliopanda kwa jasho lao. Mwanaume akipandishwa cheo, ofisi inamuuliza atatunywesha lini. Mwanamke akipandishwa, inaulizana pembeni, "Kwa nani?" Nimewaona wanawake wawili waliokataa nafasi kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kulibeba swali hilo hadi kwa wakwe zao.

Lugha yenyewe inatusema. Tunasema fulani amehama, amemfuata mumewe Mbeya; kuna fomu za uhamisho zinazojazwa kwa sababu hiyo na kila mtu anazielewa. Jaribu kusema amemfuata mkewe Mbeya uone watu watakavyocheka. Bosi mwanamke anaitwa "mama". Mama yupo? Mama amesaini? Ni heshima, na baadhi ya wanawake wanaitumia vizuri sana. Ila mama anatarajiwa kusamehe, kulisha na kusikiliza shida za kila mtu, na siku atakapomsimamisha kazi mzembe ataambiwa hana moyo wa mama. Akiwa mpole, hawezi. Akiwa mkali, jikedume. Mwanaume mwenye ukali ule ule anaitwa mfuatiliaji.

Ipo pia mantiki ya kazi tunazowapangia. Mwanamke hodari tunampeleka rasilimali watu, mawasiliano, huduma kwa wateja, sheria. Tunasema wanaziweza, wana utulivu. Nimeishi huko, najua utamu wake na najua ngazi yake inapoishia. Bodi inapotafuta mkurugenzi mtendaji wa benki haimtafuti mtu aliyesimamia likizo za watumishi, inamtafuta mtu aliyeshika fedha, mikopo au biashara. Zaipuna, kabla ya kuiongoza NMB, alikuwa ametokea kwenye ukaguzi wa hesabu na kuwa mkuu wa fedha. Binti anayeanza kazi leo akiniuliza kitu kimoja tu, ningemwambia ashike idara inayoingiza pesa hata kama viti vyake ni vigumu.

Na lile la adui wa mwanamke ni mwanamke? Nimelichoka. Pale ofisi inapoweka kiti kimoja cha mwanamke kwenye menejimenti, wanawake sita wenye sifa wanagombania kiti kimoja, na wanaume wanagombania vingine tisa. Wanaume nao wanachimbana, kwa barua zisizo na majina na kwa mengine. Yao tunayaita siasa za ofisi.

Sasa niseme jambo ambalo wanawake wa tabaka langu hatupendi kulisema. Kila mwanamke wa mjini aliyefika kwenye umeneja ana mwanamke mwingine nyumbani. Dada wa kazi, kutoka Singida au Iringa au Lushoto, wa miaka 19 au 22. Yeye ndiye anayetuwezesha kukaa kwenye kikao cha saa kumi na moja. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na wapo wasiofikishiwa hata hiyo. Uongozi wetu umesimama hapo. Ndiyo maana Januari ni mwezi mgumu kwa mameneja wanawake: dada amekwenda kwao Krismasi, ameahidi kurudi tarehe mbili, simu haipatikani. Wanaume wanaingia kwenye kikao cha mipango ya mwaka wakiwa na kalamu. Sisi tunaingia tukiwa tumeshapiga simu kumi na tano kutafuta binti. Baadhi ya mabinti hao wana watoto wao waliowaacha kijijini na bibi, na sijawahi kumsikia yeyote kati yetu akisema tumuonee huruma, ana mtoto mdogo.

Nikiambiwa nichague pa kuanzia, sitaanza na viti vya bodi. Norway walipitisha sheria mwaka 2003 kwamba kila jinsia iwe na angalau asilimia 40 kwenye bodi za kampuni kubwa za hisa, na kufikia 2008 kampuni zilikuwa zimetii. Ni jambo jema, na programu ya mafunzo ya uongozi kwa wanawake ya Chama cha Waajiri Tanzania ina asili yake kwa waajiri wa huko huko. Lakini wachumi waliofuatilia hawakuona sheria ile ikiwabadilishia mambo wanawake wa ngazi za chini katika kampuni zile zile. Kujaza juu hakushuki chini kwenyewe. Kenya wameandika kwenye Katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alifikia kumshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo. Bunge halikuvunjwa.

Mimi ningeanza na daftari la kukaimu. Kila idara iandike nani alikaimu, lini, kwa siku ngapi, na zamu izunguke kwa wote wenye sifa, mwenye mtoto na asiye naye. Anayeona hawezi aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Gharama yake ni daftari. Mwisho wa mwaka likifunguliwa mbele ya menejimenti, kila mtu ataona kwa macho ni nani aliyekuwa akihurumiwa. Baada ya hapo tuzungumzie siku 3 za baba, maana bila kuzigusa hizo mengine yote yatakuwa kuteka maji kwa pakacha.

Mwaka jana niliitwa tena kwenye jopo, taasisi nyingine, nafasi ya mkoani tena. Nikawaambia wenzangu kwamba swali la familia ama tusimuulize yeyote, ama tuwaulize wote kwa maneno yale yale. Wakaona ni mzaha, wakakubali tuwaulize wote. Wanawake wawili walijibu kwa kirefu: shule imeshatafutwa, bibi atakuja kukaa miezi mitatu, mume ameridhia. Akaingia bwana mmoja wa miaka 41. Nikamuuliza, nyumbani wanalionaje suala la kuhama?

Alinitazama kama niliyemuuliza ukubwa wa kiatu chake. "Bado sijamwambia," akasema. "Nikipata nitamwambia."

Jopo likacheka, naye akacheka. Kwenye fomu tuliyokuwa tunajaza kulikuwa na kipengele cha uwezo wa kufanya uamuzi. Nilipochungulia karatasi ya jirani yangu, alikuwa amempa alama tisa kati ya kumi.